Picha Inayosadikika na Historia Iliyoachwa Nje: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Mapambano ya Algiers

Mnamo Agosti 2003, miezi michache baada ya majeshi ya Marekani kuuteka mji wa Baghdad, Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliwaalika maofisa na wataalamu wake kutazama filamu ya mwaka 1966 iliyozungumzwa kwa Kifaransa na Kiarabu. Filamu hiyo, La battaglia di Algeri ya mwongozaji Mwitalia Gillo Pontecorvo, inasimulia jinsi wapiganaji wa Chama cha Ukombozi wa Taifa, FLN, walivyopambana na dola ya Ufaransa ndani ya jiji la Algiers, Algeria ilipokuwa bado koloni la Ufaransa, hasa katika miaka ya 1956 na 1957. Walioalikwa walitarajiwa kupata humo somo la kazi, na hawakuwa wa kwanza kulitafuta. Wanaharakati wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, walikuwa wameitazama kwa makini zamani, na baadhi ya watu waliosomea uofisa katika jeshi la wanamaji la Argentina wameeleza kwamba walionyeshwa filamu hiyo wakiwa mafunzoni, kabla jeshi hilo halijaanza kuwateka na kuwaua wapinzani katika miaka ya 1970.

Kisa ninachokichambua ndicho hicho: filamu ya kuigiza, iliyoandikwa na kupangwa, ikapokewa na watu wa pande zinazopingana kana kwamba ni kumbukumbu ya vita vyenyewe. Naiheshimu sana filamu hii na naiona miongoni mwa kazi bora kabisa za sinema. Hata hivyo, nadhani uhodari wake wa kuonekana kweli umewafanya watazamaji wengi wasiulize imeacha nini, na katika jambo moja kubwa, yaani namna Wafaransa walivyouvunja mtandao wa FLN jijini, kilichoachwa kilikuwa na uzito zaidi ya kilichoonyeshwa.

Ni vyema kueleza kwanza jinsi kusadikika huko kulivyojengwa, kwa kuwa hakukutokea kwa bahati. Pontecorvo na mpigapicha wake, Marcello Gatti, walichagua filamu nyeusi na nyeupe, kamera inayobebwa mkononi, na lenzi ndefu zinazomtazama mtu kwa mbali kama afanyavyo mpigapicha wa habari asiyeweza kusogea karibu na tukio. Walikwenda mbali zaidi, wakairudufu picha yenyewe ili ipate chembechembe na weusi mzito wa picha za habari za miaka ya 1950. Matokeo yalikuwa na nguvu kiasi kwamba nakala zilizoonyeshwa Marekani ziliwekewa tangazo la kuwaarifu watazamaji kuwa hakuna hata kipande kimoja cha picha za habari kilichotumiwa. Kwa upande wa waigizaji, karibu wote walikuwa watu wa kawaida wasiowahi kusimama mbele ya kamera. Brahim Haggiag, aliyeigiza nafasi ya Ali la Pointe, mpiganaji wa FLN, hakuwa mwigizaji, na aliyekuwa na taaluma hiyo miongoni mwa wahusika wakuu ni Jean Martin peke yake, aliyeigiza Kanali Mathieu, kiongozi wa askari wa Ufaransa katika filamu. Martin mwenyewe alikuwa amepoteza kazi baada ya kutia saini, mwaka 1960, tamko la wasomi na wasanii 121 waliounga mkono haki ya Wafaransa kukataa kupigana Algeria.

Upigaji picha ulifanyika Algiers, katika vichochoro vilevile vya Kasbah, mji mkongwe wa Waalgeria, ambako matukio yalitokea miaka minane au tisa kabla, na wengi wa wakazi walioonekana katika makundi ya watu waliyaishi matukio hayo. Juu ya yote, mtayarishaji mmojawapo alikuwa Saadi Yacef, kamanda wa FLN wa eneo la Algiers, ambaye alikamatwa Septemba 24, 1957, akahukumiwa kifo, akaandika kumbukumbu zake gerezani, kisha akaigiza katika filamu nafasi ya Djafar, mhusika anayetokana na yeye mwenyewe. Ni nadra sana katika historia ya sinema kwa kamanda wa vita kuigiza kukamatwa kwake mwenyewe katika mtaa uleule. Mswada wa kwanza uliotoka upande wa Waalgeria ulikataliwa na Pontecorvo kwa sababu aliuona ni propaganda, na kazi ikaanza upya mikononi mwa mwandishi Franco Solinas. Jambo hilo ni la sifa kwao. Lakini kukataa propaganda ya wazi hakuondoi athari ya kumbukumbu ya mtu mmoja katika uti wa mgongo wa simulizi, na hapo ndipo uchunguzi wa usahihi unapaswa kuanza.

Lugha nayo inastahili kuangaliwa, kwa sababu wengi hudhani kuwa filamu ya vita inayozungumzwa katika lugha za wahusika wenyewe huwa hivyo kwa mapambo tu. Katika filamu hii lugha ni sehemu ya mapambano. Kuna mwanamke anayepita kizuizi cha askari akiwa amevaa Kizungu, na kinachompitisha, pamoja na nguo na nywele zilizokatwa, ni Kifaransa chake chepesi na utani mfupi anaobadilishana na askari anayepaswa kumpekua. Wakati wa mgomo wa jumla, jeshi linapowahutubia wakazi kwa vipaza sauti, mtoto mdogo ananyakua kipaza sauti na kuwasemesha watu wake, na kwa kitendo hicho sauti ya dola inageuka kuwa sauti ya mtaa. Mtazamaji atakayeletewa filamu hii ikiwa imeingizwa sauti za lugha moja tu atapoteza maana ya matukio hayo yote mawili, kwa kuwa hatasikia tena nani anaielewa lugha ya nani na nani anaikodi kwa muda ili apite. Ndiyo maana naona maandishi ya tafsiri chini ya picha ndiyo njia pekee ya haki ya kuitazama.

Sasa tuje kwenye usahihi. Filamu ina tabia ya kuweka kwenye skrini tarehe na hata saa ya tukio, na tabia hiyo humshawishi mtazamaji kuliko hoja yoyote. Mfululizo wa Juni 1956 unawaonyesha wapiganaji wakiwashambulia polisi mmoja baada ya mwingine mitaani, huku muda ukiandikwa mbele yetu kama katika daftari la kituo. Historia ya siku hizo ni ngumu zaidi. Juni 19, 1956 serikali ya Ufaransa iliwaua kwa gilotini, yaani mashine ya kukata vichwa, katika gereza la Barberousse, wafungwa wawili wa FLN, Ahmed Zabana na Abdelkader Ferradj. Uongozi wa FLN ukaamuru kisasi, na katika siku zilizofuata vikosi vilivyokuwa chini ya Yacef viliwapiga risasi wanaume wa Kizungu wasiokuwa askari wala polisi. Hesabu inayonukuliwa sana ni ya raia 49. Amri iliwatenga wanawake, watoto na wazee, lakini haikuwatenga raia. Kwa hiyo filamu, chini ya tarehe zinazoonekana kuwa za kumbukumbu rasmi, inatuonyesha mashambulizi dhidi ya dola mahali ambapo kulikuwa pia na mashambulizi dhidi ya watu wa kawaida. Siwezi kuamini kwamba mtayarishaji aliyekuwa kamanda wa vikosi hivyo alilisahau jambo hili.

Haki inadai niseme pia kwamba filamu haikwepi vifo vya raia kwa ujumla. Mfululizo wa mabomu ya FLN ya Septemba 30, 1956, katika migahawa ya Milk Bar na Cafétéria, ni kati ya nyakati ngumu zaidi kutazama katika sinema yote ya vita, kwa sababu kamera inatulia kwenye nyuso za watu ambao tunajua watakufa au kukatwa viungo, wakiwemo vijana wanaocheza muziki na mtoto mdogo anayekula aiskrimu. Filamu iliyotengenezwa kwa ushirikiano na washindi wa vita ingeweza kabisa kuwafanya waathirika wale wasiwe na sura. Pontecorvo alikataa. Vilevile inalitangulizia tukio hilo bomu la mtaa wa Thèbes katika Kasbah, la Agosti 10, 1956, lililotegwa na Wazungu wenye msimamo mkali na kuua makumi ya Waislamu usiku wakiwa majumbani mwao, na mpangilio huo wa sababu na matokeo unakubaliana na historia.

Lipo kundi ambalo filamu imelifuta kabisa, nalo ni Wazungu wa Algeria waliosimama upande wa FLN. Fernand Iveton, mfanyakazi wa gesi na mkomunisti aliyezaliwa Algiers, alitega bomu kazini kwake Novemba 1956 akikusudia kuharibu mitambo bila kuua mtu. Bomu halikulipuka, hakuna aliyejeruhiwa, na bado alikatwa kichwa Februari 11, 1957. Mtu kama huyo angeuvuruga mchoro wa filamu, ambao unaligawa jiji mara mbili, Kasbah upande mmoja na mji wa Kizungu upande wa pili, na kamera ikipanda na kushuka ngazi kati ya hizo mbili. Mchoro huo una ukweli wake, kwa maana ubaguzi wa kikoloni ndivyo ulivyolijenga jiji. Lakini vita vilikuwa na watu waliovuka mpaka huo, na walilipa.

Nafika sasa kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote. Januari 7, 1957 Jenerali Jacques Massu na divisheni yake ya 10 ya askari wa miavuli walikabidhiwa mamlaka ya kipolisi jijini Algiers. Katika filamu, Kanali Mathieu, ambaye ni mchanganyiko wa maofisa kadhaa wa kweli, anawaeleza maofisa wake kwa kuchora ubaoni: kila mwanachama wa FLN anawajua watu watatu tu, aliyemteua na wawili aliowateua yeye, na kwa hiyo njia ya kufikia kilele cha piramidi ni mahojiano. Anaulinganisha mtandao huo na tegu, mnyoo ambaye asipokatwa kichwa huota upya. Baada ya hapo tunaona mateso, kwa maji, kwa moto na kwa umeme, na tunaona mchoro ubaoni ukijaa majina hadi nafasi ya mwisho. Filamu inaanza hivyo hivyo, kwa mzee aliyevunjwa na mateso ambaye ametaja maficho ya Ali la Pointe. Mtazamaji anayefuata mantiki hii bila taarifa nyingine atatoka na hitimisho moja: mateso ni uovu, lakini yalifanya kazi.

Ushahidi wa kihistoria unaonyesha njia nyingine zilizobeba mzigo mkubwa. Kanali Roger Trinquier aligawa jiji katika maeneo, mitaa, majengo na nyumba, akazipa nyumba namba, na katika kila ngazi akaweka mtu wa kuwajibika kutoa taarifa kuhusu kila mgeni aliyeingia. Kapteni Paul-Alain Léger aliendesha kikosi cha wanachama wa zamani wa FLN waliogeuzwa, waliozunguka Kasbah wakiwa wamevaa nguo za kazi za buluu na kuwatambua wenzao wa jana. Mwezi Agosti 1957 kikosi hicho kilimpata Hacène Ghandriche, aliyejulikana kama Zerrouk, ambaye aliendelea kuwasiliana na Yacef kana kwamba bado ni mwenzake huku akiwafanyia kazi Wafaransa, na mawasiliano hayo yalisaidia kumfikisha Yacef mikononi mwa askari. Mtafiti wa masuala ya mateso Darius Rejali amejenga hoja kwa kirefu kwamba wasaliti, orodha za wakazi na udhibiti wa nyumba kwa nyumba ndivyo vilivyoshinda Algiers, na kwamba filamu imechangia sana kueneza imani tofauti. Mipaka kati ya njia hizi haikuwa safi, kwani aliyekubali kugeuzwa alikuwa anajua vizuri nini kinamngoja akikataa, na hofu ya mateso ilikuwa ndani ya kila kitu. Hata hivyo, Ghandriche hayumo katika filamu, na daftari la nyumba za Trinquier halimo kwa uzito wake.

Kwa nini havimo? Sababu moja ni ya kisanaa: mtu aliyefungwa kitini na askari aliyeinama juu yake ni picha, lakini karani anayelinganisha orodha mbili za majina si picha. Filamu za vita, hata zilizo makini kabisa, huvutwa kuelekea tendo linaloonekana, na mambo yanayoamua vita kupitia karatasi, usafirishaji na usaliti wa kimyakimya hupungua au hupotea. Sababu ya pili ni ya kisiasa na inaeleweka kibinadamu. Kusema kwamba mtandao ulivunjwa na mateso ni kusema kwamba wapiganaji walishindwa na unyama wa adui. Kusema kwamba ulivunjwa kwa sehemu kubwa na wenzao waliogeuka ni kufungua jeraha ambalo Algeria huru ya mwaka 1965 haikuwa tayari kulifungua. Swali la nani aliyetoa siri ya maficho ambamo Ali la Pointe, Hassiba Ben Bouali, Mahmoud Bouhamidi na mtoto Omar waliuawa kwa mlipuko Oktoba 8, 1957 limeendelea kubishaniwa kwa ukali nchini humo kwa miongo mingi, wakiwemo katika ubishi huo watu walioshiriki mapambano hayo wenyewe.

Hapa ndipo madhara ya kisa yanapoonekana. Ofisa wa Argentina au wa Marekani aliyetafuta somo katika filamu hii alilipata somo ambalo limeegemea upande ule ambao filamu yenyewe ilikuwa dhaifu kihistoria. Pontecorvo alikusudia kuonyesha kwamba jeshi linaweza kushinda mapigano na bado dola ikapoteza nchi, na ndiyo sababu filamu inaruka hadi maandamano makubwa ya Desemba 1960 na kumalizia na uhuru wa 1962. Lakini aliyekwenda kutafuta mbinu hakujali mwisho; alichukua ubao wa Mathieu. Simlaumu mwongozaji kwa ukatili wa watu wengine. Ninachosema ni kwamba picha ilipokuwa na nguvu ya ushahidi, pengo lake nalo likapata nguvu ya ushahidi.

Kuna mtu mmoja ambaye kukosekana kwake kunanisikitisha zaidi. Paul Teitgen alikuwa katibu mkuu wa polisi katika ofisi ya mkoa wa Algiers mwaka 1957. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika harakati za kupinga Wanazi na aliteswa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na alipowaona wafungwa wa Algiers alizitambua alama za mateso kwenye miili yao. Mwezi Machi aliandika barua ya kujiuzulu akisema hivyo waziwazi, na Septemba akaondoka. Kwa kuwa hati za kuwaweka watu kizuizini zilipita mezani kwake kutiwa saini, aliweza kulinganisha waliokamatwa na waliobaki, akapata idadi ya watu 3,024 ambao hawakujulikana walipo. Wanahistoria wameijadili idadi hiyo, lakini hakuna anayekana kwamba upotezaji wa watu ulikuwa utaratibu. Katika filamu mateso yana mwanzo na mwisho. Kupotezwa, yaani watu kuondoka usiku na kutorudi, hakuonekani kwa kiwango kilichotokea. Kwa maneno mengine, kuhusu ukubwa wa unyama wa Wafaransa, filamu inayoshutumiwa na baadhi ya maveterani wao kwa kuwapendelea Waalgeria ilisema pungufu ya ukweli.

Limeachwa pia tukio la Julai 4, 1957, ambapo mwanaanthropolojia Germaine Tillion, mwenyewe aliyeokoka kambi ya Wanazi ya Ravensbrück, alikutana kwa siri na Yacef na Ali la Pointe, na wakazungumzia uwezekano wa kusitisha mashambulizi dhidi ya raia ikiwa Ufaransa itasitisha kuwakata wafungwa vichwa. Maofisa wa Ufaransa waliendelea kuua wafungwa mwezi huohuo. Mazungumzo hayo yangeipa filamu sura ambayo haina, ya watu wa pande mbili wakiketi chumba kimoja.

Pamoja na hayo yote, ni lazima kupima filamu dhidi ya kile kilichokuwa kikisemwa rasmi wakati ilipotoka. Ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Venice mwaka 1966, na ujumbe wa Ufaransa ulionyesha hasira. Katika Ufaransa yenyewe haikupata kuonyeshwa hadharani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa vitisho dhidi ya majumba ya sinema. Sheria ya Ufaransa haikukubali kuiita hali ile vita hadi Oktoba 1999. Kabla ya hapo zilikuwa operesheni za kulinda amani na utulivu. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, mtu aliyetazama filamu hii alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mtu aliyesoma matamko ya serikali.

Mfano wa Larbi Ben M'hidi unaonyesha vizuri jinsi ukaribu huo unavyofanya kazi. Kiongozi huyo wa FLN alikamatwa Februari 1957 na kufa mikononi mwa askari mwanzoni mwa Machi. Ilitangazwa rasmi kwamba alijinyonga. Filamu inamleta akiwa amefungwa pingu mbele ya waandishi wa habari, akijibu kwa utulivu kuhusu mabomu yanayobebwa katika vikapu vya wanawake, kisha baadaye inamwonyesha mwandishi akimsomea Mathieu taarifa ileile ya kujinyonga na kuihoji. Filamu haionyeshi mauaji, kwa kuwa mwaka 1966 hakuna shahidi wa ndani aliyekuwa amezungumza. Paul Aussaresses, aliyesimamia kitendo hicho, alikiri mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba ni yeye na watu wake waliomnyonga, na Novemba 1, 2024 Rais Emmanuel Macron akatambua rasmi kwamba Ben M'hidi aliuawa na askari wa Ufaransa. Mahali hapo filamu haikubuni kilichokuwa gizani. Iliyaweka maneno rasmi ya dola mbele ya watu wanaouliza maswali, na ikaacha yasikike jinsi yalivyo. Laiti ingetumia uangalifu huohuo kwa ubao wa piramidi, pengine ingekuwa vigumu zaidi kuifanya kitabu cha mbinu.